SOMO LA AFYA: TUNDA LIMWASHALO MTU, NA NAMNA YA KULITAMBUA

Wanachama wetu wengi wana miembe, mifenesi na migomba katikati ya mikarafuu yao, na watoto wao hula matunda tangu wangali wakijifunza kutembea. Kwa hivyo si ajabu kusikia katika kila kijiji kuwa yuko fulani ambaye embe halipatani naye, au ambaye akila nanasi midomo humvimba. Mtu wa namna hii mara nyingi hupatwa na moja katika mambo mawili. Ama huchekwa na kuambiwa kuwa anadeka, akashurutishwa kula. Ama hukatazwa matunda yote, na mama yake akaogopa hata kumpa ndizi. Yote mawili ni makosa, na la kwanza laweza kuua.

Mifano ya somo hili tumeichukua mbali na visiwa vyetu, katika kata ya Igogo, wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza. Igogo imebanwa baina ya maji ya Ziwa Viktoria na vilima vya mawe ambavyo watu wamejenga juu yake hata kileleni. Tuna sababu mbili za kwenda huko. Kwanza, matunda ya nchi nzima hukutana pale: mananasi ya Geita na Sengerema, ndizi za Bukoba, maembe ya Tabora, maparachichi na mapapai. Pili, watu wa ufuoni wana ugonjwa mmoja unaovuruga kipimo cha damu cha mzio, na ugonjwa huo nasi Unguja na Pemba tunaujua vizuri. Tutaufikia.

Mzio ni nini? Mwili wa binadamu una askari wake wa kumlinda na maradhi. Askari hao huitwa kingamwili, nao ni wa namna nyingi. Iko namna moja ambayo madaktari huiita kwa herufi, IgE, na kazi yake hasa ni kupigana na minyoo na wadudu kama hao. Kwa watu wengine askari huyu hukosea adui. Hukutana na kitu kisicho na dhara, kama utomwili wa ndizi, akakiandika katika daftari lake kuwa ni adui. Siku hiyo ya kwanza mtu haoni neno. Lakini siku nyingine akila ndizi, askari waliokwisha kaa tayari juu ya chembe fulani zilizo chini ya ngozi na katika utando wa pua, koo, mapafu na tumbo hupiga kelele, na chembe hizo zikapasua vifuko vyake na kumwaga dawa iitwayo histamini. Histamini ndiyo inayowasha, ndiyo inayovimbisha, na ndiyo inayobana kifua.

Basi mtu aweza kula tunda miaka kumi bila ya neno, akaanza kudhurika mwaka wa kumi na moja. Msimwambie, "Mbona zamani ulikuwa ukila?" Hiyo si hoja.

Elimu hii haikupatikana siku moja. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wakiwapa mbwa sumu ya mnyama wa baharini kidogo kidogo wakitaraji kuwazoeza. Mbwa waliopewa mara ya pili, baada ya majuma kadhaa, walikufa kwa kipimo kidogo ambacho hakikuwadhuru mara ya kwanza. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Mwaka 1906 daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, ndiye aliyetunga neno la kizungu la jambo hili, ambalo wengi wetu hulitamka aleji. Na mwaka 1921 ikaja habari ambayo watu wa Igogo, kwa kuwa ni watu wa samaki, wangependa kuisikia. Daktari Heinz Küstner alikuwa hawezi kula samaki aliyepikwa. Mwenzake, Carl Prausnitz, alichukua maji ya damu ya Küstner akajipiga sindano katika ngozi ya tumbo lake mwenyewe, na kesho yake akajichoma mahali pale pale maji ya samaki. Ngozi ikavimba na kuwasha, hali Prausnitz samaki alikuwa akila bila ya taabu. Hapo ikajulikana kuwa jambo lenyewe limo katika damu na laweza kuhamishwa. Lakini nini hasa katika damu? Jibu lilichelewa mpaka miaka ya 1966 na 1967, walipoligundua Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na Johansson na Bennich huko Sweden, kila upande kwa njia yake. Ndiyo hiyo IgE.

Sasa tuangalie mambo yanayofanana na mzio wala si mzio, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

La kwanza ni nanasi. Mtu yeyote akila nanasi zima, hasa bichi, ulimi utamchoma na pembe za midomo zitapata vidonda. Nanasi lina dawa iitwayo bromelaini, ambayo hulainisha na kula nyama, na ndiyo sababu wapishi hutia nanasi katika nyama ngumu; tena lina visindano vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Ulimi nao ni nyama. Kuungua kwa namna hii si mzio. Hutokea kwa kila mtu, huzidi kwa kadiri ya ulivyokula, na nanasi likipikwa hali hiyo hupungua au huondoka, kwa kuwa moto huiua bromelaini. Lakini mtu ambaye kipande kimoja cha nanasi humtoa mabaka mwili mzima na kumvimbisha macho, huyo si wa bromelaini. Huyo apelekwe kwa daktari.

La pili ni utomvu wa embe. Mwembe na mkorosho ni ndugu wa ukoo mmoja, na katika ukoo huo umo pia mmea mmoja wa Marekani ambao watu huko huuogopa kwa kuwa majani yake hutoa malengelenge. Utomvu wa embe na ganda la korosho una mafuta ya namna hiyo hiyo. Mchumaji wa maembe aliyedondokewa na utomvu, au mtoto aliyeng'ata embe na ganda lake, aweza kutoka vipele na malengelenge kuzunguka midomo. Angalieni saa: vipele hivi haviji papo hapo. Huja baada ya siku moja, mbili, hata tatu, na mtu huwa amekwisha sahau embe, akalaumu alichokula jana. Huu ni mzio, lakini ni wa namna nyingine kabisa. Hauhusiani na IgE, na kwa kawaida haubani kifua wala hauui. Wengi wenye mzio huu huweza kula nyama ya embe akiwamenyea mtu mwingine na kuliosha. Ni makosa kumnyima mtu embe maisha yake kwa sababu ya ganda.

La tatu ni samaki aliyeharibika. Hili twalitia humu kwa sababu mara nyingi samaki na tunda huliwa sahani moja. Jodari na vibua vikikaa juani hutengeneza histamini ndani ya nyama yao, na histamini hiyo kupikwa hakuiondoi. Mlaji huwa mwekundu usoni, kichwa humgonga, mwili humwasha. Dalili ni zile zile za mzio kwa kuwa dawa ni ile ile. Tofauti ni kuwa safari hii imeliwa, haikutoka mwilini. Ishara ya kuitambua ni nyepesi: wote waliokula sahani ile huumwa. Mzio humchagua mmoja.

La nne ni la ufuoni hasa. Mtoto wa Igogo aliyekwenda kuoga ziwani akarudi akala papai, na jioni akawa anajikuna miguu na mapaja, papai halina kosa. Viluwiluwi vya kichocho na vya jamaa zake waliozoea ndege huingia katika ngozi majini na kuiwasha. Muwasho wa maji hukaa pale maji yalipofika. Muwasho wa chakula hauchagui.

Baada ya kuyatenga hayo, twabaki na mzio wenyewe. Na hapa twapenda kusema kuwa chombo kikubwa cha daktari katika kazi hii si sindano wala mashine, ila ni masikio yake. Daktari anayempima mtu damu kabla ya kumsikiliza anaanza nyumba kwa paa. Maswali ni haya: Ni tunda gani, na lilikuwa bichi, bivu au limepikwa? Liliteremka na ganda au limemenywa? Dalili zilianza dakika ngapi baada ya kula? Mzio wa IgE huanza kwa dakika chache, na mara chache sana hupita saa mbili. Je, imetokea mara moja au kila mara? Tangu siku hiyo amekula tunda lile tena bila ya taabu? Kama amelila tena mara nyingi na hana neno, basi kwa kawaida maneno yamekwisha. Siku ile alikuwa amekimbia au amefanya kazi nzito, amekunywa pombe, amemeza aspirini? Mambo haya huamsha mzio ambao siku nyingine ungelala. Je, ana pumu? Mwenye pumu isiyotulizwa ndiye wa kuogopewa zaidi.

Liko swali moja ambalo watu hulishangaa: Je, unapovaa mipira ya mikononi, au unapopuliza purutangi, huwashwa? Hapa natuchukue mfano wa dada mmoja wa Igogo, wa kutunga lakini wa kweli kwa mambo yake. Dada huyu hufanya kazi ya kukata minofu ya sangara, na kutwa nzima huvaa glavu za mpira. Kwa miezi kadhaa mikono imekuwa ikimwasha na kutoka mabaka akizivaa, naye akadhani ni maji ya barafu. Sasa amekuta kuwa akila ndizi au parachichi, koo humkereketa na midomo humvimba, hali alilelewa kwa ndizi. Ndizi imekosa nini? Mpira wa glavu hutokana na utomvu wa mti, na ndani yake mna utomwili unaofanana sana na uliomo katika ndizi, parachichi na papai. Askari aliyemwandika mpira kuwa ni adui humwona ndugu yake katika ndizi. Baina ya thuluthi na nusu ya wenye mzio wa mpira wana tunda moja au zaidi linalowadhuru kwa njia hii. Na jambo hili si la ndizi tu. Dada huyu akipata mimba na kuhitaji kupasuliwa, daktari atatia mikono tumboni mwake akiwa amevaa glavu. Kama hawakuambiwa watumie glavu zisizo za mpira wa mti, aweza kuzirai na kufa juu ya meza, na kila mtu akadhani ni dawa ya usingizi. Ndiyo sababu mtu mzima anayesema, "Siku hizi ndizi inanikereketa," asichekwe. Aulizwe habari ya glavu.

Huko Ulaya ndugu zetu waliohamia huweza kukutana na jambo la jamii hiyo. Uko mti wa nchi za baridi, mbetula, ambao poleni yake hujaa hewani wakati wa kuchipua kwa majani. Mwenye mzio wa poleni hiyo aking'ata tofaa bichi, kinywa humwasha. Tofaa likipikwa hana neno. Mara nyingi ni taabu ya kinywa tu na hupita. Lakini pwani ya bahari ya kati, Hispania na Italia, iko namna nyingine iliyomo katika ganda la fyulisi na matofaa, nayo haiogopi moto. Jina la tunda peke yake, basi, halitoshi kujua hatari.

Twaja sasa kwenye kipimo cha ngozi. Daktari huchora alama katika kigasha cha mgonjwa, akatia tone moja la maji ya kila kitu anachokishuku, kisha hupitisha kisindano katika kila tone akaitoboa ngozi kidogo tu, bila ya kutoa damu. Pamoja na matone hayo hutiwa mengine mawili ya ushahidi: moja la histamini yenyewe, ambalo halina budi kuvimba kwa kila mtu, na moja la maji ya chumvi, ambalo halipasi kuvimba. Baada ya dakika 15 au 20 huja na rula. Palipovimba milimita 3 au zaidi kuliko maji ya chumvi, husemwa kuwa ngozi imejibu. Kama histamini haikuvimba, kipimo chote ni bure. Na sababu ya kawaida ni kuwa mgonjwa alimeza dawa ya muwasho, kama setirizini, au ile klorofeniramini ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton. Dawa hizi huachwa siku kadhaa kabla ya kupimwa, mara nyingi hata juma zima, kwa amri ya daktari.

Kwa matunda iko hila moja ambayo sisi wakulima tutaielewa mara moja. Maji ya matunda yanayouzwa katika vichupa kwa ajili ya kipimo hiki mara nyingi yamekwisha poteza nguvu, kwa kuwa utomwili wa matunda huharibika upesi. Mtu aweza kupimwa kwa kichupa akaambiwa hana mzio, naye anao. Dawa yake ni kutumia tunda lenyewe bichi: daktari huchoma kisindano katika tunda, kisha hukichoma katika ngozi. Kwa hivyo mgonjwa huambiwa aje na tunda lake katika mfuko, pamoja na ganda lake. Kazi hii haifanywi nyumbani hata siku moja. Ni nadra, lakini tone dogo kama hilo limepata kumwangusha mtu, na hospitali huwa na dawa mkononi.

Tena ngozi kuvimba si hukumu. Maana yake ni kuwa askari amemwandika adui, wala si kuwa atapigana naye. Wako watu wengi ambao ngozi zao hujibu karanga au nanasi nao hula kila siku kwa furaha. Daktari hana budi kulinganisha jibu la ngozi na habari aliyoisikia. Vikipatana, jambo limejulikana. Visipopatana, hana haki ya kumnyima mtu chakula chake.

Kipimo cha damu ndicho kinachotupeleka Igogo hasa. Damu huchukuliwa, na mashine hutazama kama imo IgE ya ndizi, ya nanasi, ya karanga, na kadhalika. Ni kipimo kizuri kwa mtu anayemeza dawa za muwasho, au mwenye ngozi iliyoharibika, au ambaye kumtoboa ni hatari. Lakini ufuoni mwa Ziwa Viktoria, kichocho cha matumbo kimeenea tangu zamani, na minyoo yake na mayai yake yamevikwa sukari za namna fulani. Sukari kama hizo zimo pia katika mimea: katika karanga, katika nanasi, katika ngano, karibu kila kitu kiotacho. Mwili wa mtoto wa Igogo unapopigana na kichocho hutengeneza IgE ya sukari hizo. Damu yake ikipelekwa kupimwa, mashine humwona ana IgE inayoshika nanasi, na ndizi, na karanga, na ngano, akatangazwa kuwa ana mzio wa dunia nzima. Kumbe hana hata mmoja. IgE ya sukari hizo kwa kawaida haiamshi zile chembe za histamini.

Jambo hili si dhana tu. Nchini Ghana, watoto wa shule walipimwa kwa karanga: wapatao 17 katika kila 100 walikuwa na IgE ya karanga katika damu, lakini waliovimba ngozi walikuwa wawili tu katika 100, na tofauti hiyo iliambatana na kichocho. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2013. Huko huko Ghana, karanga na nanasi ndivyo vyakula ambavyo ngozi za watoto wa shule zilivijibu zaidi katika kipimo cha kutoboa, kwa hivyo neno la nanasi si la kwetu peke yetu. Na ng'ambo ya ziwa, katika visiwa vya Koome nchini Uganda, wataalamu walifanya kazi kubwa katika vijiji 26 tangu mwaka 2012 hata 2016, wakilinganisha watu waliopewa dawa za minyoo mara nyingi na waliopewa kwa kawaida. Huko walikuwa wakitazama vumbi na mende, si matunda. Lakini waliona vile vile kuwa wenye IgE katika damu ni wengi kuliko wenye kuvimba ngozi.

Fikirini basi mama wa Igogo mwenye mtoto wa miaka minane aliyetoka mabaka siku moja baada ya kula. Analipa fedha nyingi kwa kipimo cha damu cha vyakula ishirini, na karatasi inarudi na alama katika kumi na tano. Ananyimwa mtoto ndizi, nanasi, karanga, ugali wa ngano, machungwa. Baada ya miezi sita mtoto amekonda, na mabaka bado yanamtoka, kwa kuwa lililokuwa likimtoa ni jambo jingine. Hii nayo ni hasara ya afya, tena imenunuliwa kwa fedha. Nasi wa visiwani tusijione tumeokoka. Kichocho cha mkojo Unguja na Pemba kimepungua sana kwa juhudi za miaka hii, lakini watu waliokwisha ugua ni wengi, na safura na minyoo mingine haijatoweka. Anayepeleka damu yake kupimwa amwambie daktari kuwa amepata kuugua kichocho.

Vipo pia vipimo vinavyouzwa mjini na kwa simu ambavyo si vipimo. Kimoja hutazama kingamwili ya namna nyingine, IgG, na kuleta orodha ndefu ya vyakula "vibaya". IgG ya ndizi huonyesha kuwa mtu amekula ndizi. Hilo alilijua kabla ya kulipa. Vingine hupima unywele, au hukamata mkono na kuusukuma. Fedha hizo zinunue matunda.

Shaka ikibaki, ipo njia moja inayoikata: kulisha na kutazama. Mgonjwa hulazwa au hukaa kutwa hospitalini, akapewa chembe ya tunda, kisha baada ya dakika 15 hata 30 kipande kikubwa zaidi, na kikubwa zaidi, mpaka afikie kipimo cha kawaida cha mlaji au mpaka dalili itokee. Katika kazi ya utafiti tunda hufichwa ndani ya uji au kitu kingine, na wala mgonjwa wala daktari hajui ni siku gani limetiwa na siku gani halikutiwa, ili woga usije ukajibu badala ya mwili. Kipimo hiki ndicho hakimu wa vyote. Lakini hufanywa mahali penye daktari, hewa ya oksijeni na adrenalini iliyokwisha vutwa. Baba anayesema, "Nitamwonjesha kidogo nyumbani nione," anafanya kipimo kile kile bila ya ile dawa.

Kwa maneno ya hatari tutakuwa wafupi, kwa kuwa wakati wenyewe ni mfupi. Sauti ikikauka ghafula, ulimi ukivimba, kifua kikipiga filimbi, mtu akitapika mfululizo na mabaka yakimtoka, au akilegea na kutaka kuzirai, hapo dawa ni adrenalini ya kuchomwa katika msuli wa paja, upande wa nje. Mhudumu wa afya humpa mtu mzima nusu miligramu, na mtoto kwa kadiri ya uzito wake, na huweza kurudia baada ya dakika 5 hata 15 kama hali haikutengenea. Mgonjwa alazwe chali na miguu yake iinuliwe; akiwa pumzi ndiyo inayomsumbua aachwe aketi; asisimamishwe wala asitembezwe kwenda kwenye gari. Vidonge vya muwasho hutuliza ngozi, havifungui koo. Maziwa hayafai kitu. Na hata akipata nafuu akae hospitalini saa kadhaa, kwa kuwa taabu huweza kurudi mara ya pili bila ya kula tena.

Limebaki neno moja la wachumaji wetu. Mafuta ya karafuu yana dawa iitwayo eujenoli, na ndiyo sehemu yake kubwa. Wako watu ambao ngozi zao huikataa, wakatoka ukurutu mikononi wakati wa kuchambua au kukusanya makonyo. Hii ni jamaa ya mzio wa utomvu wa embe, ule wa siku mbili, kwa hivyo kipimo cha kutoboa ngozi hakitauona. Huhitaji kipimo cha kubandika: vibandiko vyenye dawa kidogo kidogo huwekwa mgongoni kwa saa 48, kisha ngozi hutazamwa vinapobanduliwa na mara nyingine baada ya siku mbili. Eujenoli ni mojawapo ya manukato manane yaliyomo katika kibandiko cha kawaida cha kupimia manukato, na anayejibu kibandiko hicho huenda sabuni yake au mafuta yake ya nywele ndiyo yanayomdhuru, wala si karafuu za shamba.

Zahanati za vijijini kwa kawaida hazina vifaa vya kazi hizi. Kazi yao ni kusikiliza, kuandika na kutoa barua ya rufaa, kama mtu wa Igogo anavyopelekwa hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, au juu ya kilima katika hospitali ya rufaa ya Bugando iliyofunguliwa mwaka 1971. Anayepelekwa hospitali kubwa, iwe ni ya Mwanza au ya kwetu, aende na karatasi yenye mambo haya: tarehe, tunda na hali yake, saa aliyokula, saa dalili ilipoanza, ilidumu muda gani, alimeza dawa gani, na ni nani mwingine aliyekula sahani ile. Siku hizi nyumba nyingi zina simu yenye picha. Mabaka yapigwe picha yangali hapo, kwa kuwa kufika hospitali huwa yamekwisha potea. Na tunda, kama daktari amelitaka, lichukuliwe bichi, zima, na ganda lake, lisimenywe njiani.